Nyumba ya Saba Katika Programu ya Mjukuu Wangu

Ulikuwa mwaka wa mhogo wa barafu. Waliokuwepo Maskati wakati ule watakumbuka. Kabla yake mhogo tulikuwa tukiungojea kwa watu wanaotoka Unguja. Mtu akija na vipande sita kavifunga kwenye kanga ndani ya sanduku, basi mnagawana kama dawa. Mwaka ule ukaanza kuuzwa kwenye mafriji ya soko la Mawaleh, umemenywa, umekatwa, umeganda kama jiwe. Tukaula asubuhi, tukaula jioni, kwa papa, kwa nazi ya kopo, mpaka mwanangu wa kiume akasema, "Mama, tuhurumie, nna mhogo mpaka puani."

Ndio mwaka huo mjukuu wangu mkubwa, binti wa huyo huyo mwanangu, alipokuwa chuoni akisomea kompyuta. Mimi nimesoma chuo cha Kurani na darasa tatu za skuli, basi. Sikujua kompyuta ni kitu cha kusomewa. Nilidhani unainunua inakuja inajua.

Siku moja akarudi macho mekundu. Kazi yake ya muhula mwalimu ameitupa. Kamwambia imefanana mno na ya msichana aliyekaa naye, na zote mbili zimefanana na kitabu. Kampa nafasi moja tu ya mwisho: alete programu yake mwenyewe, jambo ambalo halimo kitabuni, na aieleze mstari kwa mstari mbele ya darasa. Akishindwa, anahamishwa kozi ya uhazili, akapige taipu barua za watu. Baba yake akasema, "Kama ni uhazili, bora ukae nyumbani." Mtoto akaenda kukaa mbele ya ile kompyuta ambayo ami yake kaileta kutoka Dubai, akaivua kile kitambaa nilichoifumia, akaitazama tu.

Nikavuta mto nikakaa pembeni yake. "Unataka nini humo ndani?"

"Nnataka orodha, bibi. Orodha ya vitu vya kweli. Kitabuni kuna wanafunzi na maksi zao tu, na kila mtu kaandika wanafunzi na maksi."

Ilikuwa Shaabani, Ramadhani inabisha hodi, na kichwa changu mimi kilikuwa kwenye futari. Uchochoro wetu pale Mawaleh una nyumba kumi na mbili ukitoa yetu, na kila Ramadhani mimi hupeleka sahani kila nyumba. Nyumba gani watu wangapi, nani hali nyama ya ng'ombe, nani mtoto wake sambusa hazimtoshi, yote nnayo kichwani. Nikamwambia, "Andika sahani zangu."

Akageuka akanitazama, kisha akanibusu mkono. "Bibi, wewe ndiye kitabu."

Akanieleza anavyofanya. Anaweka safu, yaani mstari wa nafasi kumi na mbili zilizopewa nambari, kila nyumba nafasi yake. Ndani ya kila nafasi anaweka rekodi, na rekodi ina vyumba vitatu: jina la mama mwenye nyumba, idadi ya watu, na chakula chao. Mashine ikishajua hayo itahesabu yenyewe sambusa tatu kwa kila kichwa. Lugha yenyewe ikiitwa Paskali. Nikasema, "Kumbe kabati la vyombo." Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Nikaanza kutaja naye anapiga. Vidole vyake, mashallah, mvua juu ya bati. Kioo kilikuwa cha buluu, maandishi manjano, na yeye hata haangalii mkono. Tukenda vizuri mpaka ya sita.

"Ya saba, bibi?"

"Nenda ya nane."

"Bibi..."

"Jina lake silitamki."

Hapa nieleze. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utatia chochote, tende mbili, kipande cha halua, hata sukari. Ramadhani iliyopita nilimpelekea huyu wa nyumba ya saba boko-boko, ngano na nyama iliyopondwa, kwenye sahani yangu ya maua, yenye alama ya rangi nyekundu chini. Ikarudi imeoshwa, inang'aa, tupu. Kisha nikasikia kasema kwenye kisomo cha Kurani kuwa boko-boko yangu ni maji ya kunawia. Tangu siku hiyo tukawa tunapishana kama paka wawili ukutani.

Mjukuu wangu akaruka ya saba, akaandika nyingine zote, akaiendesha programu. Wallahi nilicheka mpaka ushungi ukaanguka. Nyumba ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kufika ya saba, mahali pa jina pametokea vijiuso vinacheka na vikopa kama vya karata. Watu: elfu kumi na saba.

"Ni kweli," nikasema. "Mdomo wake unatosha watu hao."

"Bibi usinichekeshe, tazama sambusa!"

Sambusa za uchochoro mzima zilikuwa kutoa elfu kumi na nne na ushei. Nambari imezidi ukubwa wa chumba chake, kanambia, ikapinduka chini ya sifuri. Nikamuuliza sambusa za kutoa hukaangwaje.

Lakini yeye alikuwa hacheki tena. Alikuwa kaweka kidole mdomoni. "Nimeelewa. Mwalimu kasema mara kumi na mimi sikuelewa. Mashine ikikupa nafasi haikuoshei. Inakupa ilivyo, pamoja na mabaki ya aliyeitumia kabla. Usipotia kitu chako mwenyewe mwanzo, unasoma mabaki ya mwenzio."

"Yaani inapakua kwenye sahani ya jana?"

"Hasa!"

"Basi mashine yako haina adabu."

Akasema tiba ni mbili. Ama upite nyumba zote kwa zamu, utie jina tupu na sifuri kabla ya kazi kuanza; ama uandike kila kitu juu kabisa, programu izaliwe nacho: mabano, jina la chumba, nukta mbili, kilichomo, chumba kinachofuata, funga mabano, nyumba inayofuata. Yeye akachagua hii ya pili kwa kuwa ndiyo ngumu. Ile ya kwanza akaiweka pembeni, akaanza upya, na mimi nikamwangalia mtoto aliyelia mchana anajenga nyumba kumi na moja bila kukosea nukta.

Mashine ikakataa. Mstari mwekundu juu ya kioo. Imeambiwa kumi na mbili, imepewa kumi na moja, haendi mtu.

"Fanya kumi na moja."

"Nikifanya kumi na moja, ya nane itasogea iwe ya saba. Futari ya watu wa nane utampelekea yule yule."

Akasema basi atatia jina tupu na watu sifuri. Akapiga, ikakubali, na kioo kikaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA 7, WATU 0.

Nikapatazama pale. Nyuma ya ukuta wetu, nyumba ile ile, kulikuwa na mama mzee wa yule mwanamke, kitandani mwaka wa pili. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia nikianika nguo juani. Watu sifuri. Nimesema nimegombana nao, sikusema nimewazika.

"Futa hiyo sifuri," nikasema. "Andika watano. Chakula, boko-boko laini. Kuna mmoja hana meno."

"Na jina?"

"Jina lake silitamki."

Mtoto alilijua jina. Kacheza na watoto wa nyumba ile tangu anatambaa, angeweza kuliandika na nisingeona. Hakuliandika. Akapiga zile alama mbili za kufungia maneno, bila kitu kati. "Tupu," akasema, "lakini nimeitia mimi." Wasomi nnao wengi katika ukoo, wenye mashahada ukutani. Heshima ya namna ile sijaiona kwao.

Siku ya kujieleza alikwenda na diski yake ndani ya bahasha. Mimi nilipika mhogo nikauunguza. Adhuhuri akaingia, hajavua hata viatu, akasimama katikati ya sebule akatuigizia yote, mimi na baba yake na mama yake.

Kumbe mwalimu alikwenda moja kwa moja ya saba. "Hapa umesahau jina."

Yeye akasema, "Sikusahau, mwalimu. Ningelisahau tungeona takataka. Nimeliweka tupu kwa makusudi." Akamwonyesha programu ya kwanza, ile ya vikopa na watu elfu kumi na saba, akaeleza mabaki yanatoka wapi, na kwa nini kumi na moja isingekubaliwa.

"Na kwa nini liwe tupu?"

"Kwa sababu bibi yangu kagombana naye, hamtaji."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye kacheka, kisha akasema: kitu hiki hakuna mtu wa kukinakili. Akampasisha pale pale. Mwanangu, yule wa bora ukae nyumbani, akatoka nje kwenda kuiangalia gari ambayo haikuwa na ubovu. Alirudi kaosha uso.

Ramadhani ikaingia. Orodha ikachapwa kwenye ile karatasi ya matundu pembeni, printa inalia kama cherehani. Mke wa mwanangu akaibandika kwenye friji, sahani zikatoka kwa karatasi. Sikuweza kubisha, nilizitaja mwenyewe. Ya saba ikaenda: boko-boko laini, nimeipiga mwiko mpaka bega likauma.

Siku ya pili, tumeshafuturu, mlango ukagongwa. Yeye mwenyewe, sahani yangu ya maua mkononi, imejaa kaimati zinang'aa shira.

"Mama kala," akasema. "Kamaliza. Wiki nzima alikuwa hali."

"Alhamdulillahi."

"Na mwaka jana nilikurudishia tupu kwa makusudi. Tende nilikuwa nazo ndani. Ile boko-boko yako haikuwa na chumvi, nikataka ujue."

"Ungesema."

"Si nilisema? Kwenye kisomo."

Nikamkaribisha kahawa. Ningefanya nini, mwanamke kanishinda kwa ukweli.

Mamaake alifariki baada ya miaka, nami nilimwosha pamoja naye. Mjukuu wangu siku hizi ana nyumba yake Mabela na ofisi yenye watu chini yake, na huwafundisha vijana walioanza kazi. Anasema jambo la kwanza anawaambia ni habari ya sahani ya jana. Hasemi kasikia wapi, lakini mimi najua.

Ijumaa moja alikuja na kompyuta ya kukunja. Ile programu ya zamani kaitoa kwenye diski, kaitia humo, na nyumba zote kumi na mbili zikatokea kama tulivyoziacha, na wengine wameshahama, na wengine tumewazika. Ya saba, jina tupu, watu watano.

Jirani yangu alikuwa kaegemea mto wangu, kikombe changu cha kahawa mkononi, anatafuna kaimati alizoleta mwenyewe. Akainama kuangalia kioo.

"Mimi hapo sina jina mpaka leo?"

"Nijaze, bibi?" mjukuu akauliza, vidole tayari. "Lakini sharti ulitaje wewe."

Wote wawili wakanitazama, wanajizuia kucheka.

"Jina lake silitamki."