Mkono wa Kulia na Sufuria ya Wakwe

Ulikuwa mwaka wa kumbikumbi. Waliokuwa Dadamu wakati ule wanajua ninachosema. Wadudu hao walitoka ardhini kwa wingi hata tukawala wabichi, tukawakaanga, tukawatwanga kuwa kitoweo, na kuku wenyewe wakashiba wakawa wanawatazama tu. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa muhogo na angara, wale samaki wadogo wa chumvi. Leo angara, kesho angara, mpaka jasho likanuka ziwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kiharusi kilinipiga lini, namwambia mdomo wangu ulipinda ukiwa umejaa kumbikumbi.

Sikufa. Mdomo ulirudi mahali pake mapema, na wifi yangu anasema kama Mungu angemuuliza yeye, ungekuwa wa mwisho. Mguu nao ulirudi, ukiburura kidogo. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulining'inia begani kama kuku aliyenyongwa.

Sasa, huku kwetu humpi mtu mkono wa kushoto, labda uwe unamtukana. Nikabuni njia yangu: naubeba wa kulia kwa wa kushoto, namnyoshea mgeni kama mtu anayekabidhi samaki. Wasiojua waliona ni heshima kubwa mno. Kijana mmoja aliinama kunijibu mpaka kofia ikamdondoka.

Lakini kilichokuwa kinaniuma si salamu. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, alikuwa amepata mchumba kutoka Koboko, na wakwe wangekuja baada ya mtama kuvunwa. Nyumbani kwetu, chakula cha kwanza cha wakwe husongwa na mwanamke mkubwa kuliko wote. Haonji tu, haelekezi tu, anasonga. Unga wa muhogo na wa mtama, sufuria imewekwa chini, unaibana kwa nyayo, mikono miwili kwenye mwiko, mgongo unalia. Wakwe wa binti zangu wote niliwasongea mimi. Mkubwa akishindwa, anasonga anayemfuata. Na anayenifuata mimi ni huyo wifi, aliyerudi kutoka kwa mumewe huko Logiri akajenga mbele ya mlango wangu. Ugali wake una madonge ya kufukuzia mbuzi.

Ndipo ikaja roboti. Hospitali walikuwa wanawaazima wagonjwa wa kiharusi mashine za kufanyia mazoezi ya mkono nyumbani, na yangu ililetwa kwa gari na fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana wa Arua mjini mwenye raba nyeupe. Nilitarajia mtu wa chuma mwenye macho. Kumbe ni kitu kama mkono wa kiti, kina glavu, waya, na kioo kama simu kubwa. Tukakiunganisha na umeme, nikavalishwa.

"Mama, unajaribu kufunga vidole," fizio akaniambia. "Ukishindwa, mashine inakusaidia."

"Na nikiweza?"

"Inakuachia."

Kwenye kioo kulikuwa na nyanya na kikapu. Ukifunga vidole, nyanya inakamatwa; ukifungua, inaangukia kikapuni. Nyanya nzuri, hazina hata doa. Nikamwambia fizio wakulima wa nyanya wa Pajulu wangelia kuziona.

Siku zile za kwanza nilijiona bingwa. Nilikaa barazani, mashine inanguruma, vidole vinafunga na kufungua, na mimi naongea na wapita njia. Nyanya zilijaa kikapu baada ya kikapu. Watu walikuja kutazama, na mtu akija kwetu lazima umsalimu kwa mkono, basi nami nikawa nawasalimu na glavu yangu. Nilidhani ndivyo mkono unavyojifunza. Wifi yangu naye alikuja, akatia mkono wake katikati ya vidole vyangu wakati mashine inafunga.

"Eh! Niachie!"

"Si mimi."

"Wewe mwanamke, niachie mkono!"

"Ngoja ifungue. Iko na saa yake."

Ikafungua. Akaondoka akipuliza vidole, akinitangaza kijiji kizima kwamba nimerudi na nguvu za shetani. Nilicheka mpaka mjukuu akaja kunishika nisianguke.

Fizio aliporudi, akagusagusa kioo, akasoma namba zake. Kisha akasema, "Mama, mazoezi yamefanyika vizuri sana."

"Nilijua."

"Ila imeyafanya roboti. Wewe ulikuwa abiria."

Nilitaka kumtimua na raba zake. Akaniketisha, akanieleza: ile ngurumo ndiyo mashine inafanya kazi. Inachosaidia ni kile unachoacha. Ukiiachia yote, itachukua yote, na mkono utabaki vilevile. Nisiongee na watu, akasema. Niuangalie mkono na niuamuru.

Basi nikaanza upya. Nilikaa ndani, mlango nimeufunga, naukaripia mkono wangu kama mtoto aliyekataa kwenda kisimani. Shika. Shika, wewe. Jasho lilinitoka kuliko shambani. Mashine ilinguruma vilevile, mtama ukakomaa, ukaanza kukatwa, na wifi yangu akanunua mwiko mpya. Akauanika nje ninapouona. Hakusema neno, ila kila asubuhi alikuwa anaugeuza upande wa pili, kana kwamba mwiko unaiva.

Asubuhi moja nyanya ilikamatwa, na ndani ya nyumba kukawa kimya. Mjukuu akaita kutoka jikoni, "Dede, umeme umekatika?" Dede ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita sisi mabibi.

"Umeme uko," nikamjibu. "Hii ni mimi."

Akaja mbio, mikono ina unga, akasimama kuusikiliza ukimya ule. Nikaikamata nyanya nyingine. Kimya. Ya tatu mashine ikanguruma kidogo mwishoni, maana kidole gumba kilikuwa bado mvivu, lakini mimi na yeye tulikuwa tumeshaanza kupiga vigelegele.

Wakwe walikuja na magari mawili na mbuzi wao. Moto ukawashwa, maji yakachemka, unga ukamiminwa, sufuria ikateremshwa. Nikakaa chini kwa taabu, nikaibana kwa nyayo. Zamu ya kwanza ya mwiko ilienda. Ya pili pia. Ugali ulipoanza kuwa mzito, kile kidole gumba kikaachia, mwiko ukaniponyoka ukagonga ukingo wa sufuria. Kule chini ya turubai wageni waligeuka kutazama.

Mjukuu akachuchumaa kando yangu, macho yamejaa maji. "Dede, nikuletee mashine uvae?"

"Ama unipishe," wifi akasema. Mwiko wake mpya alikuwa nao tayari. "Hakuna mtu atakucheka."

Nikawaambia wote wawili: "Siondoki kwenye sufuria hii. Nitasonga mimi."

Nikauokota mwiko. Nikafunga vidole kimoja kimoja, nikauangalia mkono kama nilivyofundishwa, sikumwangalia mtu. Kidole gumba nilikisubiri. Kilipofika, nikasukuma. Ugali ulipinga, nami nikasukuma tena, mgongo ukalia kama zamani, na mlio huo nilikuwa nimeukumbuka. Nilipoupakua uliinamia upande mmoja kama kofia ya mlevi, ila donge hata moja halikuwemo. Niliutazama kwa makusudi mbele ya wifi yangu.

Walikula. Mama mkwe wa Koboko, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, alifuta bakuli lake kwa tonge la mwisho, akaniita kwa nguvu.

"Mama! Iko ingine?"

Haikuwepo. Nikaagiza maji yarudishwe motoni. Yule mama akaona ninavyojisogeza chini tena na mguu wangu, akainuka, akaja akanishika bega.

"Hapana, mama, pumzika. Mkono yako imefanya kazi ya leo. Wacha huyu asonge," akasema, akimwonyesha wifi yangu, ambaye alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

"Siondoki kwenye sufuria hii. Nitasonga mimi."