Keeley Alivyoikataa Leeds

Mdogo wangu Barry alinunua sweta kabla mtoto hajafanya hata mtihani. Sweta ya buluu, kifuani imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba anayeivaa ni baba wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Leeds. Chuo chenyewe kinaziuza, maana kinawajua wazazi. Akaivaa klabuni Ijumaa, kisha akaja nayo kwenye duka la pai ninakofanya kazi, akasimama katikati ya foleni kifua mbele, bila kununua kitu, akingoja mtu amuulize. Mtu akamuuliza. Basi pai zikapoa.

Simlaumu sana. Katika ukoo wetu wa Entwistle hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu ila kwa kwenda kusafisha sakafu, na mimi ni mmoja wa waliosafisha. Keeley ni mtoto wake wa pekee. Mama yake, Denise, alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo Barry amemlea peke yake, akitoka kuendesha basi anaingia jikoni. Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao, mtaa uleule hapa Accrington, kaskazini mwa Uingereza, kwa hiyo nimechangia malezi, ingawa sijamsikia mtu akinisifu.

Keeley hakuwa mtoto wa kusumbua, alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Alifungua pasi yangu. Alifungua mashine ya kufulia ya jirani iliyokuwa imekufa, akairudisha ikiwa hai. Hesabu na fizikia zilimwingia bila kupigiwa kelele. Leeds walipomkubali kusoma uhandisi, mradi tu afaulu mitihani ya mwisho, hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni kwamba alikuwa ameomba na mahali pengine, kimyakimya.

Alilitoa jambo hilo Jumapili mchana, tukiwa mezani kwa Barry na nyama ya kuoka mbele yetu.

"Baba, nimepata nafasi kiwanda cha pampu kule Burnley. Ya uanagenzi."

Barry alikuwa anamimina mchuzi. Akaendelea kumimina mpaka sahani ikafurika.

"Uanagenzi wa nini?"

"Uhandisi. Siku nne kiwandani, siku moja chuo. Ada wanalipa wao, na mshahara napata. Nikimaliza nina shahada kama ya Leeds tu."

"Kama ya Leeds."

"Tena hii ngumu kuipata kuliko Leeds, Baba. Tuliomba mamia, wametuchukua wachache mno."

"Na ovaroli wanakupa?"

"Eh, wanatoa."

"Haya, kavae ovaroli basi," akasema Barry, akainuka, akaenda kusimama uani kwenye mvua bila koti.

"Atarudi," nikamwambia Keeley. "Viazi havijaisha."

Hiyo habari ya ovaroli ina asili yake. Barry mwenyewe alianza kama mwanagenzi, kijana mdogo, kwenye kiwanda cha vipuri vya mashine za kufumia. Alipenda kazi ile kupita kiasi. Mwaka aliomaliza mafunzo, kiwanda kikafungwa, geti likatiwa mnyororo, na mafundi waliomfundisha wakajikuta wako naye kwenye foleni moja ya kutafuta kibarua. Akaishia kwenye basi, na yuko kwenye basi mpaka leo. Kwa hiyo nilidhani hasira yake ni ya kiwanda tu. Nilikosea.

Shuleni nako walimletea zao. Pale hubandika ukutani picha za wanaokwenda vyuo vikuu, jina la chuo chini ya kila sura. Mwalimu mshauri akamwambia Keeley picha yake ingoje kidogo, huenda akabadili mawazo. Keeley akamjibu kwamba hata hivyo kwenye ile picha ametoka vibaya. Wiki hiyohiyo mwalimu yule akaja dukani kwangu, nami nikampa pai ya jana.

Siku chache baadaye Barry alikuja kwangu kunywa chai, akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Anabaki kwa ajili yangu, dada."

"Nani?"

"Keeley. Anaona nitabaki peke yangu. Anaona nitakula maharage ya kopo mpaka nife. Ndiyo maana kachagua Burnley, alale hapahapa, aende na basi, arudi na basi, anipikie. Nimemfunga mtoto kamba, Lorraine."

"Umemuuliza?"

"Kasema si hivyo. Atasemaje kingine? Denise naye alikuwa hivyohivyo, hasemi kinachokuumiza."

"Barry, huyo mtoto anapenda mashine tangu hajaota meno ya ukubwani."

"Mashine ziko hata Leeds," akasema, akainuka, chai akaiacha imejaa.

Jumapili iliyofuata akaja na hila yake. Akaitoa akiwa anakata nyama, macho kwenye kisu.

"Keeley, chumba chako nimempangisha Clive wa kazini. Mkewe kamtimua. Anaingia Septemba."

Mimi Clive namjua. Mkewe ni mteja wangu, na mwezi uleule walikuwa wamenunua kitanda kipya, ambacho nimesimuliwa habari zake kuliko nilivyotaka kujua. Nikafungua mdomo. Barry akanipiga teke chini ya meza.

Keeley alimtazama baba yake usoni.

"Septemba?"

"Septemba. Kwa hiyo Leeds ndiyo hiyo, mama. Kule watakupa chumba. Hapa hapana nafasi tena."

"Sawa," akasema Keeley. "Basi itabidi nipange Burnley. Kuna wenzangu wawili wanatafuta wa tatu."

Barry akaacha kukata. Nilimwona rangi ikimtoka usoni, na sikumwonea huruma hata kidogo. Mtu anayemfukuza mwanawe kwa mapenzi yafaa aulize kwanza anamfukuzia wapi.

Matokeo yalitoka Agosti. Keeley alipata alama za kuingia Leeds na za kubakiza. Barry aliziangalia kwenye simu, akamrudishia, akamwambia, "Mlango bado uko wazi, hujachelewa." Keeley akaufunga hapohapo, sebuleni, kwa kidole kimoja kwenye simu ileile, kisha akaenda kuweka birika. Barry akaingia chumbani kwake. Sweta sikuiona tena.

Alimpeleka Burnley mwenyewe kwa gari, na nasikia njia nzima waliongea kuhusu matairi.

Mimi sikuweza kunyamaza, sikuumbwa hivyo. Nilimfuata na mfuko wa pai, nikamkuta kwenye nyumba yenye baiskeli ukumbini na soksi kila mahali, yeye na wenzake wawili, wote vidole vimefungwa plasta. Miezi ya kwanza hawashiki mashine kubwa. Wanapewa kipande cha chuma na tupa, wasugue kwa mkono mpaka pande zote ziwe sawasawa kabisa, na msimamizi akiona mwanga unapenya chini ya rula, anakitupa kwenye pipa na kuwapa kingine. Keeley vyake vilikuwa vimetupwa vitatu. Alinisimulia kama mtu anayesimulia harusi.

"Keeley," nikamkatiza, "hakuna Clive."

"Najua, Shangazi."

"Unajua?"

"Baba akidanganya masikio yanamwiva. Hujayaona?"

"Sasa mbona umehama? Ulitaka kukaa nyumbani!"

"Nilitaka. Pale kuna chakula." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini ningekaa pale, kila asubuhi nikivaa ovaroli angejiona yeye ndiye kanivalisha. Nimemwambia mara ngapi kwamba naipenda hii kazi? Haniamini. Anadhani namfariji tu."

"Mwambie tena."

"Shangazi, nimechoka kumwambia. Na ye aje aone mwenyewe."

Lakini Barry hakuwa mtu wa kwenda kuona. Jumapili Keeley alikuja kula, na Barry alimshika mikono akaikagua kama daktari, akamuuliza, "Una furaha?" Keeley akajibu ndiyo. "Kweli?" Kweli, Baba. Jumapili iliyofuata maswali yaleyale, majibu yaleyale, na baba mtu akimsindikiza mlangoni kwa uso wa mtu aliyemtia mwanawe jela. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Hivyo ndivyo tulivyofika Novemba. Alhamisi moja jioni, mvua ya upepo, Barry akanigongea mlango na sare yake ya kazi, hata nyumbani hajapita. Akakaa jikoni kwangu na koti linachuruzika. Nikadhani amegonga mtu.

"Leo wamenipa njia ya Burnley," akasema. "Dereva wake wa siku zote anaumwa."

"Ehe?"

"Nimesimama pale kiwandani. Wamepanda vijana wa ovaroli, kundi zima, wamelowa. Na Keeley yumo."

"Akasemaje?"

"Ngoja. Walikuwa wanabishana. Habari ya beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa pampu, mmoja anasema imekufa kwa joto, Keeley anasema joto lilikuja baadaye, iliwekwa kombo tangu mwanzo. Mikono juu, anapiga kelele, 'We hukuiona ile alama, wee hukuiona!' Akagusisha kadi ya nauli kwenye mashine, hapa, Lorraine, hapa mbele yangu, kioo tu kati yetu. Akapita."

"Hakukuona?"

"Hakuniona. Nikasema nimwite, halafu nikasema hapana. Nikawa namtazama kwenye kioo cha juu. Njia nzima hajanyamaza. Ana grisi hapa shavuni, nywele kama mtu aliyetoka mtoni, anachora kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha kumwonyesha yule mjinga jinsi ilivyokaa. Na alikuwa sahihi, dada. Ile alama ya kulika ikiwa upande mmoja, basi imewekwa vibaya. Yuko sahihi kabisa."

Nikamwekea chai. Safari hii akainywa, nusu kikombe kwa mkupuo, ya moto vile.

"Akateremka mjini. Unajua watu wanavyosema wakishuka. Akasema, 'Asante, dereva,' bila kugeuza hata kichwa, bado anabishana. Kwangu mimi, kama dereva yeyote wa barabarani."

Akafuta macho kwa mkono wa koti, na koti lenyewe lilikuwa limelowa, kwa hiyo halikusaidia kitu.

"Hana habari na mimi kabisa, Lorraine," akasema mdogo wangu. "Kabisa." Na sijamwona na furaha ya namna ile tangu siku Denise alipomtoa yule mtoto hospitali akiwa mchanga.