Suruali ya Abdi

Leo nusura niitwe mwizi hapa Isiolo, na singelaumu mtu.

Narudi Merti kufundisha, na joto la huko mnalijua. Kwa duka la Abdi nikajaribu suruali ya kitani juu ya yangu, maana hana mahali pa kubadilishia nguo. Nyepesi ajabu.

Nikamwambia, "Wacha nifikirie kwanza."

Nikaenda zangu.

Nimeshapanda pikapu, nimekaa na wazazi wa wanafunzi wangu, namwona Abdi anakuja pole pole. Akaangalia miguu yangu. Nami nikaangalia.

Nilikuwa bado nimeivaa.

"Salaam aleikum, mwalimu. Bado unafikiria?"

Nilishuka nikaivua mbele ya wote, nimeshika bega lake nisianguke.

Jameni, darasani nitaingia na uso gani?