Mwenye Reki Langoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilisifiwa, na sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa Guangzhou, ofisi ya wakala wa vitambaa pale soko la Zhongda. Unyevu wa mji ule hukunja karatasi, basi kadi zote za sampuli nikazifunika kwa plastiki ya moto, kama tunavyofanya vyeti vyetu huku Mwanza. Bosi wangu, Mchina tuliyemwita Laoban kama wenye maduka wote kule, akacheka: "Dada, una akili!" Nikavimba kichwa.

Miaka ikaenda, nikawa msimamizi wa michoro. Mteja akileta picha, naikagua, tunaiskani, kisha fundi anatengeneza mrudio, yaani picha ijirudie kwenye kitambaa bila kiungo kuonekana. Kazi ya macho hiyo, haitaki pupa.

Asubuhi moja akaja mama wa Kiholanzi, mtu mzima, na mchoro wa chaki wa zaidi ya miaka mia mbili. Jumba la mashambani, madirisha kibao, njia ya miti. Alitaka mapazia.

"Mama, ukoo wenu ulikuwa na uwezo!" nikamwambia.

"Hata. Majumba haya yalijengwa na matajiri wa mjini, kwa mali ya meli na jasho la watu wa mbali. Wakaajiri wachoraji ili watambiane. Hata miti waliirefusha! Jumba lenyewe lilishabomolewa." Akaonyesha langoni, kijitu kimeshika reki. "Wetu ni huyu, mtunza bustani. Picha yake nyingine hakuna."

Jamani, niliuonea huruma mchoro ule. Alipotoka tu, kabla ya kuuskani, nikaufunika kwa plastiki. Kwa heshima!

Laoban akashika kichwa. "Aiya! Bandua!"

Nikabandua taratibu, chaki ikafuata gundi. Jumba likabaki nusunusu. Langoni pakawa peupe.

Alasiri mama aliporudi nilimkabidhi mchoro kwa mikono miwili. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

Hakufoka. Aliuliza tu, "Plastiki iko wapi?" Kumbe mtu wake alikuwa amenasa kule. Nami kwa aibu nilikuwa nimeikunja nikaitupa, na mzoa taka alishapita.

Sasa nimestaafu. Wanangu mnaoshika kazi hii, kukosea mtakosea, msifiche vipande. Wenye majumba michoro yao imejaa makumbushoni. Yule wa reki alikuwa na mmoja tu, nami nikamtupa jalalani. Inaniuma hadi leo.