Chapati Mbili Kabla ya Sindo

Nilifanya kazi miaka minne kwenye duka la vitambaa mjini Homa Bay, na bosi wangu alikuwa Mswahili wa Mombasa. Mimi ni wa Sindo. Kwetu mtu akikasirika, soko zima linajua. Yeye hakuwahi kupaza sauti. Hata kuniambia nimekata pazia vibaya alianzia kwenye mvua, akapitia afya ya baba yangu, nami nimesimama na makasi mkononi nimechoka kungoja. "Mzee, sema tu," nilikuwa nikimwambia. Anacheka, anaagiza chai. Siku hizi naikumbuka chai ile yenye iliki nyingi mpaka naumia.

Asubuhi moja niligombana na mteja, nikamwambia aende akanunue kwingine. Saa sita bosi akatoka nje kupokea simu, akarudi na chapati mbili na maharagwe. "Kula kwanza, binti yangu." Nikala. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akaniambia nichukue vitu vyangu, ananipeleka nyumbani.

Nikajua nimefutwa kazi. Wacha nimtukane, kutoka Homa Bay hadi Sindo. Nilimwita mnafiki, mwoga asiyeweza kumfukuza mtu kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye aliendesha gari tu. Mara moja tu aliniuliza kama nina kiu.

Langoni kwetu nikasikia wanawake wakilia. Baba alikuwa amefariki asubuhi ile, na kaka yangu ndiye aliyempigia bosi simu ile ya saa sita ili anipe habari.

Nilimchukia mwaka mzima. Kwetu msiba unaulilia pale pale ulipokukuta, hata kama ni katikati ya majora ya vitambaa. Alininyima kilio changu, na nilimwambia hivyo. Akajibu polepole kama kawaida yake, "Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa na njaa, wala akiwa mbali na watu wake."

Alisharudi kwao, na pale dukani sasa wanauza simu. Mpaka leo nasema angeniambia. Lakini njia yote ile, nikimtukana, nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomweleza baba kwamba nimepoteza kazi, na jinsi baba atakavyonicheka. Baba yangu alikuwa hai mpaka langoni, na mzee yule alikubali kutukanwa ili baba abaki hai.