Jumapili Mume Wangu Aliponena

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Redio ya nyumba ilikuwa mimi. Alifundisha hesabu, na Jumapili alisoma matangazo ya kanisa letu pale Mukuyuni kisha akaketi. Miaka kumi na mmoja nilimwombea ajazwe Roho kama waume wa wenzangu. Kwa hivyo siku aliposimama katikati ya wimbo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, akaanza kumwaga maneno yasiyo Kikamba wala Kiswahili wala Kiingereza, nililia kwa furaha: hatimaye ananena kwa lugha za Roho. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tukazidi kupiga makofi.

Nikikumbuka napandwa na hasira, na sina wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Alikuwa na homa tangu Ijumaa. Nilimpa tembe za malaria, nikamwambia aache kudeka.

Jumatatu alifunga kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza. Jumanne akaniuliza mimi ni mke wa nani. Tukamkimbiza hospitali, mimi na mama yake.

Daktari, kijana wa kule Kilungu, alipima damu mara mbili, malaria hakuona. Sukari ilikuwa sawa. Akataka maji ya uti wa mgongo, na mama mkwe akakataa katakata.

"Wanaodungwa mgongo hufa."

"Huletwa wakiwa wamechelewa, mama. Ndiyo maana hufa."

Niliweka sahihi. Maji yalitoka safi kama ya kisima, nikamshukuru Mungu. Daktari hakushukuru. Alisema usaha katika maji hayo ungemwonyesha njia. Maji safi na mtu aliyechanganyikiwa ghafla humfanya ashuku virusi kwenye ubongo. Dawa yake iko Nairobi, na haiagizwi kwa kubahatisha.

"Nijibu vizuri," akaniambia. "Kabla hajapotewa na akili, maneno yake yaliharibika kwanza?"

Mama mkwe alinitazama, Biblia kifuani. Kanisa zima lilikuwa limemshukuru Mungu kwa maneno yale. Mimi ni nani nichukue kipawa nikiite ugonjwa?

"Hapana," nikasema.

"Basi tungoje hadi kesho. Huenda ni malaria iliyojificha."

Nilitoka nje. Nikaenda hadi kwenye lango, nikarudi, nikaenda tena. Nilikaa kwenye benchi, nikainuka kabla halijapata joto. Ningoje kesho gani? Nilipochungulia wodini, mkono wake wa kulia ulikuwa unarukaruka wenyewe juu ya blanketi. Ule wa kushika chaki.

Nikamfuata daktari. "Nilikudanganya. Maneno yaliharibika kwanza. Jumapili, kanisani, mbele ya watu wote, naye ameshika kichwa."

Mama mkwe aliniita mkufuru. Daktari alikuwa tayari ameshika simu.

Dawa ilifika kesho yake. Aliishi. Alirudi darasani baada ya mwaka, ingawa majina ya wanafunzi yalimtoroka, na Jumapili ile imefutika kabisa kichwani mwake. Kanisani bado wanamwomba atoe ushuhuda wa siku ile.

Siku moja tulikuwa tukipukuchua mahindi uani, akasimamisha mikono.

"Mama watoto, wanasema nilinena. Nilisema nini?"

Nilimtazama mume wangu wa maneno machache.

"Sijui," nikamwambia. "Tulikuwa tunaimba kwa sauti kubwa kuliko yako."