Ijumaa za Mama na Afande

Juzi nilimwona Afande kwenye televisheni, akicheza badminton mashindanoni katika kiti chake cha magurudumu, nikashikwa na wivu uleule wa utotoni.

Alikuwa mwanajeshi kwao Uganda, akaja Doha kuwa mlinzi, ajali ikampooza miguu. Mama alikuwa muuguzi wake. Kila Ijumaa alasiri, katika ukumbi ulionuka raba na dawa ya kuchua, Mama alimrushia vimpira vya manyoya huku akicheka kicheko ambacho hakukileta nyumbani kwetu, mtaa wa Najma. Nami, nikiwatazama kutoka kwenye benchi, nilidhani Mama atatuacha ahamie kwake.

Siku moja nilimpokonya Mama kimpira, nikamvurumishia Afande usoni. Akakirudisha kwa raketi, kikapita juu ya kichwa changu.

“Mama yako ananihurumia,” akasema. “Nirushie wewe mwenye hasira.”

Nilirusha mpaka adhana ya magharibi. Mama alibaki kwenye benchi, amenuna, na hakuna aliyemwita.